Vidole kumi vya mjomba

Chaga ya juu, moja ya mbao za kitanda zilizokuwa zinakatwa, iliruka ikagonga bati la ukuta. Papo hapo kichwa cha mashine ya kukatia mbao kikapanda juu ya mbao zilizobaki na kumfuata dogo tumboni, mpaka reli zilipoishia.

Hakuumia. Aliachia swichi, akarudi nyuma hatua mbili, akabaki anatutazama huku bledi ikizunguka yenyewe na kupunguza sauti taratibu. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mjomba, bila kuinua macho kwenye randa, akasema, "Imekusalimia hiyo. Maliza kazi, mteja anakuja saa kumi."

Akamaliza. Kwa namna ileile.

Hii ni karakana ya mjomba wangu, iliyoko Nyakato, Mwanza. Mimi hupita jioni kumwekea hesabu zake sawa, na zamani niliwahi kusomea useremala VETA, chuo cha ufundi, kabla sijahamia kwenye kalamu. Mashine ninayoisema ni ile ya kukata engo yenye reli, inayovutika mbele na kurudi nyuma, iliyoingia mjini kwa mtumba bila boksi wala kitabu. Inakata mraba, inakata arobaini na tano, inalala ubavu ukitaka engo mbili kwa pamoja. Siku ile ilikuwa inakata chaga za kitanda cha tano kwa sita: mbao za moja kwa nne, mbili juu ya mbili, nne kwa mpigo. Dogo alishusha bledi huko nyuma, karibu na ukuta wa mashine, yaani kile kizuizi cha nyuma ambacho mbao huegemea, kisha akaivuta kuja kwake ikiwa inakata.

Wote pale wanavuta hivyo. Ndivyo walivyofundishwa.

Kile kicheko ndicho kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

## Hesabu

Nilipomgusia mjomba kesho yake, alininyooshea mikono yote miwili mbele ya uso.

"Hesabu."

Vipo kumi. Kimoja kina ukucha ulioota upande kwa sababu ya nyundo, lakini hiyo ni hadithi ya zamani. "Sasa wewe mjomba," akaniambia, "mashine hii nimeivuta tangu nimeinunua. Engo zangu unaziona. Nani amekuja kulalamika?"

Hakuna. Fremu za milango za mjomba zinafungana kwenye kona mpaka karatasi ya daftari haipiti. Mimi ni mtu wa kalkuleta. Nikanyamaza, kwa adabu zaidi kuliko kwa kukubali.

Ila hoja ya vidole kumi ina tundu. Anayeweza kukuonyesha vidole kumi karakanani ni yule aliyebaki karakanani. Aliyepoteza viwili harudi kukaa kwenye benchi atuonyeshe vinane. Anaendesha bodaboda, ana kibanda cha vocha, anauza dagaa Mwaloni. Hayumo kwenye hesabu ya mjomba.

Halafu kuna hili. Kosa linaloumiza kila siku halihitaji mwalimu. Kuvuta bledi ndani ya mbao hakuumizi kila siku. Unaweza kuvuta asubuhi mpaka jioni, mwezi kwa mwezi, kila kipande kikatoka safi, na kila kipande kinakwambia uko sahihi. Mashine haikusahihishi hata mara moja mpaka siku inayokusahihisha.

Nitamwambiaje hivyo mtu ambaye mimi mwenyewe nilijifunza kwake kushika patasi?

## Chaki kwenye jino

Jumapili moja nikaazima funguo. Plagi nikaichomoa na kuiweka juu ya meza, mahali ninapoiona. Nikavaa glavu ya ngozi, nikapaka chaki jino moja, nikainua kava, nikawa naizungusha bledi kwa mkono, polepole, kufuata mshale uliochorwa kwenye mwili wa mashine.

Mshale ule watu wanaupita kila siku. Ukisimama mbele ya mashine, meno ya upande wako yanashuka, yanapita chini kuelekea ukutani, kisha yanapanda kwa nyuma. Ni hilo tu, na mengine yote yanatoka hapo.

Nikabana kipande cha paini kwa klampu, nikaanza na njia ya mjomba. Bledi iko nyuma, naivuta kuja kwangu huku naizungusha. Jino lenye chaki linaifikia mbao kutoka juu, linachoma uso wake na kung'ang'ania. Mbao imebanwa, haina pa kwenda. Basi kinachotaka kwenda ni bledi, na inataka kwenda juu na mbele. Mbele ndiko liliko tumbo langu. Mvuto wa jino na mvuto wa mkono wangu unaelekea upande mmoja, hakuna cha kuuzuia. Hata bila umeme nilikisikia kichwa kikijaribu kupanda.

Nikageuza. Kichwa nikakivuta mpaka mwisho wa reli kikiwa juu, hakijagusa kitu. Nikakishusha mbele ya mbao, nikasukuma kuelekea ukutani. Sasa jino linaingia kutokea chini, linapanda, linaisogeza mbao kwenye ukuta. Bledi inakataa kidogo, usipoisukuma haiendi.

Nikarudia mara kadhaa, kuvuta, kusukuma, kuvuta, mpaka nikaelewa tofauti iko wapi. Ukivuta, kazi ya mkono wako inageuka kuwa kuizuia bledi. Ukisukuma, kazi ya mkono ni kuipeleka. Na mtu akishtuka, kuacha kusukuma ni rahisi; kuwahi kuzuia kitu ambacho tayari kinakuja ndiko kunakoshindikana.

Sasa weka umeme. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda kama mita 64 kwa sekunde, yaani kilomita 230 kwa saa. Basi la Dar haliruhusiwi kuzidi 80.

Kwa hiyo unavuta kichwa kikiwa juu, unawasha, unasubiri sauti itulie bledi ifike kasi yake, unashusha, unasukuma mpaka ukutani. Kisha unaachia swichi kichwa kikiwa bado chini, na unangoja bledi isimame kabisa ndipo uinue. Hapo kwenye kungoja ndipo vijana wananiangalia kwa huruma. Lakini ukiinua bledi ikiwa inazunguka unayapitisha meno tena ubavuni mwa vipande vilivyokwisha kukatwa, na kipande kidogo kikinaswa pale kinaruka upande usioujua.

Na zile chaga nne kwa mpigo? Klampu inazibana mbili. Nyingine mbili zinabanwa na matumaini.

Moja moja. Ndiyo, inachelewesha.

## Alichonijibu

Jumatatu nikamwonyesha mjomba ile chaki. Akaizungusha bledi mwenyewe, kimya, mara ya kwanza kwa kuvuta, mara ya pili kwa kusukuma. Akarudia. Nikajua tumemaliza.

Kisha akasema, "Ukisukuma, uso wa juu unachanika."

Hiyo sikuitegemea. Na ana haki. Ukivuta, meno yanaingia kwenye uso wa juu yakitokea nje, nyuzi za mbao zinakandamizwa, kata inatoka safi. Ukisukuma, meno yanatokea chini na kuchomoza juu, nyuzi za juu zinainuliwa na hazina cha kuzishikilia. Kwenye mninga utaona vijichaniko pembezoni mwa kata. Mjomba hakuwa akivuta kwa ujinga. Alikuwa akivuta kwa sababu jicho lake la fundi lilishaona miaka mingi iliyopita kwamba kuvuta kunatoa uso mzuri, na hakuna aliyemwambia kwamba uzuri ule una bei.

Nadhani hapa ndipo mazungumzo mengi ya usalama kazini yanapovunjika. Mtu anakuja na orodha ya usifanye hiki, usifanye kile, anaondoka, fundi anarudi kwenye njia yake kwa sababu njia yake inatatua tatizo ambalo yule mgeni hata hakuliona.

Basi tukalishughulikia tatizo lenyewe. Uso utakaoonekana na mteja unalala chini, unatazama meza. Uchanikaji unabaki upande wa nyuma. Kazi ikiwa lazima itazamwe pande zote, unabandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mstari, unakata juu yake. Na bledi ya meno 24, iliyokuwa inafanya kila kazi pale, ikaachiwa kazi za mbio. Kwa fremu na makabati ikaja ya meno 60.

"Na chaga?" nikamuuliza.

"Chaga inakaa chini ya godoro," akasema. "Nani anaiangalia?"

## Kava na mpira wa tyubu

Kava la plastiki la chini, lile linalofunguka lenyewe kichwa kikishuka na kujifunga kikipanda, kwa mjomba lilikuwa limefungwa juu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nimeiona tyubu hiyo kwenye karakana kutoka Buzuruga mpaka Igoma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye karakana azikinge sehemu hatari za mashine, lakini bado sijamwona mtu aliyefungua tyubu kwa sababu ya sheria.

Nikamuuliza dogo kwa nini.

"Sioni mstari, kaka."

Akalishusha nione. Kweli, huoni. Utomvu wa paini umeshikana na vumbi, plastiki imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na spring imejaa unga wa mbao mpaka kava linakwama nusu ya njia. Walikuwa wameshajaribu kulisafisha kwa tina, ile ya kuchanganyia rangi, na tina ndiyo iliyolimaliza: plastiki ya aina hii ikikutana na tina au petroli hupata ukungu na kupasuka nyufa nyembamba. Tulichukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na mswaki mkuukuu kwa ajili ya spring. Ilichukua muda kuliko nilivyodhani. Halikurudi upya. Lakini mstari wa penseli unaonekana, na likiachiwa linafunga mpaka mwisho.

Hata lingebaki na ukungu, mstari unaweza kulinganishwa kabla ya kuwasha: shusha bledi bila umeme mpaka jino liguse penseli, sogeza mbao, inua, ndipo uwashe. Dogo sasa anafanya hivyo hata pale asipohitaji, nadhani kwa sababu inampa sura ya fundi mkubwa.

## Mbao zetu

Vitabu vya mashine hizi, ambavyo mtandaoni vinapatikana hata kama yako ilikuja bila chochote, vinazungumza juu ya mbao zilizonyooka. Sisi paini yetu inatoka Rubya kule Ukerewe, inatoka Buhindi, nyingine inasafiri kutoka Sao Hill. Mara nyingi inashushwa ingali mbichi. Inaegemezwa ukutani, jua la Mwanza linaipiga upande mmoja, baada ya muda imepinda.

Mbao iliyopinda inawekwa tumbo lake likigusa ukuta wa mashine, pale pale bledi itakapopita. Ukiiweka kinyume, mgongo uliobonyea unaacha uwazi nyuma ya kata. Inakatika vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha vipande viwili vinaporomokea kwenye ule uwazi na kuibana bledi katikati. Hapo mashine inaunguruma na kurusha, na mkono unaoshikilia mbao unavutwa pamoja nayo.

Jambo hilohilo linafanywa pia na watu wema. Mbao ni ya futi kumi na mbili, dogo wa pili anaitwa kushika mwisho. Anaona mwenzake analemewa, anainua kidogo kumsaidia. Akiinua ule mwisho, kata inajifunga juu na kuing'ata bledi. Hana habari kwamba yeye ndiye chanzo. Tukatengeneza stendi mbili kwa mabaki ya mbao, urefu sawasawa na meza ya mashine, na wasaidizi wakarudi kwenye msasa.

Mikono: vitabu vingi vinasema angalau sentimita 10 kutoka kila upande wa bledi. Mimi napenda 15, kwa hiyo tulipiga rangi nyekundu kwenye meza kwa kipimo hicho, na ndani ya rangi hakuna kiganja bledi ikizunguka. Mkono wa kushoto unashika mbao ya kushoto. Haukatizi juu ya njia ya bledi kwenda kushika kulia, hata kwa sekunde moja. Kipande kifupi kisichoshikika nje ya rangi kinakatwa kutoka kwenye mbao ndefu, au kinabanwa kwa klampu. Glavu zile za Jumapili hazivaliwi mashine ikiwa na umeme, kwa sababu jino likishika uzi wa glavu linachukua na kilichomo.

Ukitumia kizuizi cha kupimia urefu, kwa mfano kwenye chaga, tofautisha kichwani vipande viwili: kinachogusa kizuizi ndicho unachokishika, kile kingine kiachwe huru kisogee. Ukivibana vyote viwili, bledi haina nafasi.

## Inchi kumi ni inchi kumi

Hivi ndivyo alivyoniambia muuza vifaa mmoja mjini nilipokwenda kutafuta ile ya meno 60. Si kweli, lakini sikubishana naye, foleni ilikuwa ndefu.

Bledi ya mashine ya meza ya kupasulia ina meno yaliyoinamia mbele, mengine mpaka digrii 20, ipate kula mbao kwa njaa. Kwenye mashine ya reli njaa hiyo ndiyo inayopandisha kichwa. Hapa inatakiwa meno yaliyosimama karibu wima, au yaliyoegemea nyuma kidogo, digrii 5 chini ya sifuri. Bila maandishi unaweza kupima kwa rula: ilaze kutoka katikati ya tundu mpaka ncha ya jino, utaona uso wa jino umeinama upande gani. Kisha soma namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye bledi. Isiwe ndogo kuliko ya mashine. Na unapobadilisha, plagi nje. Bolti ya bledi kwenye mashine nyingi hizi hufunguka kwa upande ambao bolti nyingine hukazwa, na nimeona kijana akiining'inia spana kwa nguvu zote, akiikaza, huku anadhani anafungua.

## Barafu

Sipendi kuandika sehemu hii.

Kidole kikikatika, kwanza ni mtu. Kitambaa safi, gandamiza jeraha kwa nguvu, inua mkono juu, usiachie kuchungulia. Hakuna majivu, hakuna unga wa kahawa. Kile kilichokatika kinafungwa kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa maji kidogo, kinaingizwa kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na ule mfuko ndio unaowekwa kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Nyama ikiganda inakufa, na daktari hana tena cha kuunganisha.

Mji huu haujawahi kukosa barafu; sangara wanasafiri nayo kila siku. Nilipowauliza vijana wangeiweka vipi, wote walijibu kwamba kidole kinatumbukizwa moja kwa moja ndani, kwa sababu ndivyo samaki anavyohifadhiwa. Karatasi ya maelezo sasa imebandikwa kando ya soketi, pamoja na namba ya bajaji iliyo karibu na barabara ya kwenda hospitali ya Bugando.

## Tulipofika

Mjomba anasukuma. Mara nyingine, akiwa na haraka na akidhani siangalii, mkono wake unaanza kuvuta, kisha unasita. Dogo anasukuma kila mara. Chaga zinakatwa moja moja na mteja wa saa kumi anaambiwa saa kumi na moja.

Barakoa wanavaa wakikata mninga na mkongo, kwa sababu inawawasha pua. Kwenye paini hawavai. Vumbi la mbao liliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, nimewasomea, wameitikia kwa vichwa. Upepo wa ziwa ukianza mchana unalipeleka vumbi lote kwa jirani anayechoma chapati, na malalamiko yake yamefanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu: mashine imehamishiwa upande wa pili, na mfuko wa kukusanyia vumbi uliokuwa umetupwa stoo umerudishwa.

Masikio ndiyo bado. Mjomba anasema bila kuisikia mota hawezi kujua bledi imelemewa. Nimemwambia kwamba ukiziba masikio mlio unapungua ukubwa, lakini kuzama kwa mota bado unakusikia. Alivaa vizibo asubuhi moja, akakata vipande vitatu, akavitoa na kunirudishia mkononi.

"Nikiziba, mteja akija na hela sitamsikia."

Nimemnunulia vya kuvaa juu ya kichwa, vile unavyoweza kuvishusha shingoni kwa mkono mmoja. Vinaning'inia kwenye msumari juu ya benchi lake. Dogo ndiye anayevitumia.